Filamu Iliyokataa Kuisha

Siku ile mjinga nilikuwa mimi. Nalisema mwenyewe, na nalisema mapema, kwa sababu Meshack, mkulima wa zabibu wa Makutupora, ameshaanza kulisimulia huko kwake, na Meshack akisimulia jambo hutia chumvi hadi kwenye uji wa mgonjwa.

Mimi ni mpiga picha. Naitwa Obedi, na kama uliwahi kupiga picha ya kitambulisho pale Majengo kati ya mwaka tisini na elfu mbili na kumi, huenda uso wako ulipita mikononi mwangu, ukiwa umevaa koti la studio ambalo nusu ya wanaume wa Dodoma walilivaa kwa zamu. Koti lilikuwa moja. Lilimtosha kila mtu kwa mbele. Kwa nyuma nilikuwa nabana na vibanio vya nguo. Simu zilipokuja na kamera zake studio ikafa, koti likaliwa na mende, nami nikabaki na mashine yangu na vyumba viwili vya kupanga huku Mkonze.

Mashine yenyewe ni kamera aina ya Zenit, ya Kirusi, ya enzi za Wasovieti. Niliinunua mwaka themanini na nane kwa mtaalamu mmoja wa kuchimba visima aliyekuwa anarudi kwao na hakutaka kubeba mzigo. Nilimwelewa. Ni chuma kitupu. Ikikuponyoka, unainama kutazama kama sakafu imepona. Kipimo chake cha mwanga kilikufa zamani, hivyo napima mwanga kwa kutazama kivuli changu. Ukibonyeza, inalia kama mtu amefunga kabati kwa hasira. Lenzi yake inaitwa Helios, nayo ina wazimu wake: ukilifungua lote tundu lake la mwanga, mtu anabaki mkali katikati, na majani yaliyo nyuma yake yanamzunguka kama ugali unavyouzunguka mwiko. Vijana wananiambia siku hizi simu nazo zinafanya hivyo. Nawajibu kwamba siku hizi hata soda zina ladha ya embe.

Lakini kuna jambo moja la Zenit lazima nilieleze, maana ndilo lililoniumbua. Ile namba ndogo iliyo juu, karibu na mkono wa kuvutia filamu, haihesabu filamu. Inahesabu kuvuta. Unairudisha sifuri kwa kidole, na kila ukivuta inasogea, iwe filamu inatembea ndani au imelala. Kwa hiyo mpiga picha mwenye akili, akishafunga mgongo wa kamera, huvuta mara moja huku akitazama kitufe cha duara cha upande wa kushoto, kile cha kurudishia filamu. Kikizunguka, filamu imeshika. Kisipozunguka, fungua uanze upya. Nimewafundisha watu saba jambo hili, na mmoja wao nilimnunia wiki nzima kwa kulisahau.

Nina mtoto mmoja, Hilda, yuko Mwanza, ananipigia simu Jumapili baada ya ibada. Mama yake aliondoka mwaka elfu mbili na nne na dereva wa malori ya mahindi ya Kibaigwa. Picha ya leseni ya yule dereva niliipiga mimi. Ilitoka nzuri sana. Tangu hapo nimekuwa mtu wa utani, maana watu wakikukuta unacheka hawaulizi jana ulikula na nani.

Mama Mudrick alihamia mlango wa pili miaka sita iliyopita. Jina lake Sikudhani, Mrangi wa Kondoa, mjane. Siku ya pili nilikwenda kuomba chumvi, ambayo ninayo, nikamkuta anatundika picha ukutani. Mwanamume katikati ya mizabibu, ameshika kreti la zabibu, anacheka na kitu kilichoko pembeni, na majani yote nyuma yake yanamzunguka. Nikasimama na kikombe changu kitupu.

"Hiyo picha niliipiga mimi," nikasema.

"Kila mwanamume wa mjini ana alichokifanya," akajibu bila kugeuka.

"Itazame nyuma."

Akaigeuza. Muhuri ulikuwepo, umefifia lakini unasomeka: Obedi Picha, Majengo, 1993. Yule alikuwa marehemu mume wake, Uwesu, enzi zile kibarua wa msimu wa zabibu kule Makutupora. Mama Mudrick akautazama muhuri, akanitazama mimi, akarudi kwenye muhuri.

"Kumbe una macho," akasema. "Nilidhani una mdomo tu."

Basi tukawa watani. Mimi Mgogo, yeye Mrangi, sababu haikukosekana. Nilimwambia Warangi wanapanda kilima hata wakitaka kukaa chini. Akaniambia Wagogo mlenda umewateleza ukafika kichwani. Kila asubuhi alikaanga vitumbua mlangoni kwake, na kila asubuhi nilinunua viwili. Vitumbua vinanipa kiungulia. Kimoja nilikula mbele yake huku nikisifia, cha pili nilikipeleka nyuma ya nyumba nikampa jogoo. Miaka sita.

Ubaya wa utani ni huu: una ruhusa ya kusema chochote, na hakuna hata kimoja kinachobaki. Mara tatu nilimwambia nitamwoa. Mara ya kwanza aliniuliza kama mahari nitalipa kwa mlenda. Mara ya pili aliniuliza nitasilimu lini, nikamwambia siku atakapopika chai isiyo na moshi. Mara ya tatu akawa anafuta mikono kwenye kanga, ananiangalia. Nikacheka haraka kabla hajaniwahi. Naye akacheka. Nilirudi ndani nikakaa kitandani na viatu miguuni mpaka chai ikapoa.

Mwezi wa nane mwaka huu, upepo wa kiangazi ukiwa umeanza kumwaga vumbi la Mkonze kwenye kila sufuria, akaniambia mwanawe Mudrick amemaliza kujenga Kondoa. Nyumba ina chumba chake mwenyewe, na maji ndani. Angekuja kumchukua Alhamisi ya wiki inayofuata.

"Unakwenda kusalimia?"

"Nakwenda kukaa, mtani."

"Afadhali," nikasema. "Moshi wako umenizeesha."

Akageuza kitumbua ambacho kilikuwa bado hakijaiva chini. Kisha akasema ana ombi. Alitaka picha yake mwenyewe. Isiwe ya simu. Alitaka mashine ileile, mizabibu ileile, na majani yazunguke vilevile kama ya Uwesu. "Nataka kumtundika na mimi niwe pembeni yake. Tukae ukuta mmoja."

Nikasema sawa. Nikaingia ndani nikiwa na wivu na picha niliyoipiga mwenyewe. Nitafutie mjinga mwingine wa aina hiyo.

Filamu nilikuwa nayo moja tu, nyeusi na nyeupe, ya picha thelathini na sita, imepitwa na tarehe miaka minne; niliagiza Dar ikaja na basi. Jumamosi Meshack alishuka mjini na pikapu yake kuleta kreti sokoni, akatupitia wakati wa kurudi shambani. Tulikaa watatu mbele. Mama Mudrick alikuwa katikati, amevaa dera la bluu na mtandio mweupe. Nikaona nitumie muda wa safari kuweka filamu. Nikaichomeka ncha kwenye kigurudumu cha kuipokelea, nikafunga mgongo, nikarudisha namba sifuri, nikavuta. Wakati wa kutazama kitufe cha kushoto ulipofika, Mama Mudrick alikuwa ameinamia kioo anafunga mtandio upya, na pini ameishika kwa meno. Nikatazama pini.

Shamba la Meshack, ndilo lile la mwaka tisini na tatu, si kubwa, lakini mistari yake imenyooka, na jua la alasiri lilikuwa linapita kwenye majani kama kwenye kitambaa. Nilimsimamisha Mama Mudrick karibu na pale nilipomsimamisha Uwesu, kwa kadiri ninavyokumbuka.

"Usiegemee hizo," nikamwambia. "Ni za mvinyo. Utalewa kupitia begani."

Akacheka, nikabonyeza. Moja.

Nimepiga picha watu wengi, na wengi hukaa mbele ya kamera kama wamekamatwa. Yeye hapana. Alinitazama moja kwa moja kupitia lenzi, na mimi nyuma ya kile chuma nilikuwa na ruhusa ya kumtazama nitakavyo, jambo ambalo mlangoni kwake sikuwa nalo. Kumi. Kumi na tano. Upepo ukapeperusha mtandio, akaurudisha. Ishirini.

"Nikuulize kitu," akasema. "Siku ile Uwesu alikuwa anamcheka nani? Miaka yote namwona anamcheka mtu aliyeko pembeni, sijawahi kumjua."

"Mimi. Nilikuwa narudi kinyumenyume nikakanyaga ndoo ya maji. Kiatu kilizama, nikabonyeza hivyohivyo."

Macho yake yakaenda kwenye udongo kati ya mistari, kana kwamba ndoo ingali pale.

"Nami nilidhani ni mwanamke," akasema. "Nimemnunia marehemu kwa ajili ya ndoo."

Alicheka mpaka akajishika kiuno, na hiyo ndiyo picha niliyoitaka maishani mwangu mwote. Niliipiga. Ilikuwa ya thelathini na moja.

Sasa, filamu ya thelathini na sita hukupa thelathini na sita. Ikikupenda hukupa thelathini na saba, na ikikupenda kupita kiasi thelathini na nane, halafu mkono unagoma. Nilifika thelathini na sita nikasikitika. Nikavuta, ikakubali. Thelathini na nane ikakubali, laini kabisa. Nikasema moyoni, Mungu ameona, ameniongezea. Arobaini.

Kila aliyewahi kushika kamera ya filamu anajua maana ya arobaini. Kidole changu kilijua kabla ya kichwa. Nikajifanya napangusa vumbi kwenye lenzi, nikavuta polepole, nikatazama kitufe cha kushoto. Hakikuzunguka. Kilikuwa kimetulia kama mzee kanisani.

Pale nilikuwa na njia ya kutoka. Filamu ilikuwa nzima, haijatembea hata hatua moja. Dakika mbili chini ya kivuli, nafungua, naichomeka vizuri, naanza upya. Ningechekwa. Nimeshachekwa kwa mengi kuliko hayo. Lakini likanijia wazo, nalo nalisema jinsi lilivyokuja: picha isipotoka, mtu haondoki. Atasubiri nyingine. Alhamisi itapita, na kitu kikishapita mara moja hupita hata mara ya pili.

"Geuka kidogo kulia," nikamwambia.

Akageuka. Zenit ikalia vizuri, kwa nguvu zake zote, juu ya hewa tupu.

Meshack alikuwa amekaa kwenye kreti anakula zabibu zake mwenyewe. "Baba Hilda," akasema, "hiyo filamu inatoka hapa inafika wapi?"

"Mwache," akasema Mama Mudrick. "Ni ya Kirusi hiyo."

Walicheka wote wawili. Nami nikacheka, na nikaendelea mpaka arobaini na tisa, jua likazama nyuma ya kilima, ikawa hakuna tena cha kusingizia.

Jumapili Hilda alipiga simu, akauliza habari, nikamwambia njema. Jumatatu asubuhi niliifungua kamera mezani, si kwa kutafuta habari, habari nilikuwa nayo. Ncha ya filamu ilikuwa imejikunja palepale ilipochomoka, kama ulimi wa mtu anayekudhihaki. Kisha nikakaa nikisikiliza upande wa pili wa ukuta. Alikuwa anafunga mizigo. Ukuta wetu ni mwembamba. Kwa miaka sita nimeujua wakati wake wa kulala, kikohozi chake, redio yake, na kile kijiko chake kinachoanguka. Sasa nikasikia sauti ya utepe wa gundi wa kufungia maboksi ikivutwa na kukatwa, inavutwa na kukatwa. Jumanne ilikuwa hivyohivyo. Mlangoni aliniuliza, "Picha zimekauka?" Nikajibu, "Bado."

Jumatano mchana alibisha hodi akaingia na fremu. Mpya, kioo kimepanguswa, mgongo umefunguliwa tayari. Fremu ya Uwesu alikuwa ameshaifunga ndani ya kanga, akaniambia, ili isivunjike njiani.

"Chagua moja tu," akasema. "Mimi sitaki nyingi. Ile niliyocheka."

"Hamna picha," nikasema.

"Zimeungua?"

"Hazikuwahi kuwepo." Nikamweleza kila kitu, namba inayohesabu kuvuta, kitufe kisichozunguka, mpaka na pini ya mtandio. Alikuwa anaizungusha fremu mikononi taratibu.

"Ulijua lini?"

Ningeweza kusema juzi. Uongo ulikuwepo, umevaa nguo safi kabisa. "Nilipofika arobaini," nikasema.

"Uliishia ngapi?"

"Arobaini na tisa."

"Kwa hiyo mara tisa umeniambia geuka kulia, geuka kushoto, inua kidevu, na ulikuwa unajua."

"Nilikuwa namkomoa Mrusi."

Hakucheka. Miaka sita sikuwahi kumwona anaacha mzaha wangu uanguke chini bila kuuokota. Nikaona niseme haraka. "Sikiliza, filamu bado ni nzima. Tatizo ni majani. Meshack amevuna juzi, wiki hii anapogoa, pale patabaki vijiti vitupu. Majani yatarudi, mpaka Februari yatakuwa yamejaa. Mwambie Mudrick asubiri. Nyumba haina miguu."

"Filamu ipo?"

"Ipo."

"Basi nipige hapo mlangoni. Mwanga upo."

"Hapo hakuna majani."

"Nitakaa bila majani."

"Haitafanana na ya Uwesu."

"Mimi na Uwesu hatukuwahi kufanana. Yeye alicheka na ndoo, mimi nilinuna."

Nikatafuta pengine pa kushika. "Na vitumbua? Nani atanikaangia vitumbua hapa Mkonze?"

"Muulize jogoo wako, yeye ndiye aliyekuwa mteja," akasema. "Dirisha langu la nyuma unalijua. Miaka sita namwangalia anavyonenepa. Nilikuwa nikijiambia, iko asubuhi huyu mtu atakuja asinunue kitu, asiseme neno la kuchekesha, asimame tu pale mlangoni. Siku hiyo nitajua amekuja."

Hakukuwa na sauti upande wa pili wa ukuta. Wa kutoa sauti alikuwa amekaa mbele yangu. Nikagundua kwamba hiyo ndiyo itakuwa sauti ya nyumba hii kuanzia kesho.

"Sikudhani," nikamwita. Sijawahi kumwita hivyo, bila mama, bila mtani. Lilitoka kavu. "Usiende. Hili silitanii. Baki hapa na mimi."

Akafunga mgongo wa fremu, vile vibati vidogo kimoja baada ya kingine, akaiweka kwapani. Kisha akanitazama usoni kwa muda mrefu, kama mtu anayetafuta kitu kidogo kinachotakiwa kuzunguka.

"Baba Hilda," akasema, "umenipiga mara arobaini na tisa, na kila mara ililia vizuri. Na hilo ulilosema sasa hivi limelia vizuri. Mimi nitajuaje kama lina filamu ndani?"